Maji Yanayopita Chini ya Uzio

Jumatatu, 2 Septemba

Nimekwenda kuuangalia mfereji kabla ya chai. Maji membamba, upana wa mkanda wa suruali, lakini yamefika. Zamu yetu inaisha kesho. Kisha watu wa mlimani wataifunga tena ndiva, lile bwawa lao la udongo, walijaze kwa ajili ya mashamba yao, na sisi wa tambarare tusubiri.

Goti la kushoto linauma. Upepo umeanza, ule unaokuja na vumbi jeupe la jasi kutoka Makanya. Nimepangusa vitabu. Kesho vitakuwa vilevile.

Pale kwenye kituo cha umeme wanashusha nguzo mpya za chuma. Kila moja ina jicho kichwani.

Jumatano, 4 Septemba

Wamechimba siku nzima kuzunguka kituo. Kelele za mashine. Sikuweza kusoma.

Nitaandika ninayoyajua, maana yameanza kuniponyoka. Juzi nilisahau jina la shangazi yangu, nikalipata baada ya kula.

Kituo hiki cha kupozea umeme kimekaa juu ya Irindi. Irindi ndipo nilipozaliwa. Nilikuwa kijana serikali ilipoichukua ile tambarare. Tuliambiwa nchi inahitaji umeme, na ilikuwa kweli. Tukahamishiwa huku chini, mteremko mmoja tu, tukapaita Irindi tena. Wenzangu walijenga. Mimi nilikasirika nikaenda Tanga. Nikawa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, nikasoma makosa ya watu wengine hadi nikastaafu. Nilipoulizwa kwetu ni wapi, nilisema Irindi, na Irindi ilikuwa transfoma na kokoto.

Kitu kimoja hakikuhamishwa. Mfereji. Unashuka mlimani, unaingia chini ya uzio kwa kalavati, bomba pana la zege, unapita ndani ya kituo kwenye njia yake ya zamani, unatokea upande wetu. Bila huo mfereji hapa ni vumbi na miiba. Hakuna anayelima Irindi ya chini kwa mvua peke yake.

Jumamosi, 7 Septemba

Mkutano ofisi ya kijiji. Serikali inaboresha ulinzi wa vituo vya umeme. Wamemleta mpangaji wao, mhandisi, mwanamke wa miaka kama thelathini na kitu, Mhaya wa Bukoba, anaitwa Koku. Anazungumza polepole na hapunguzi ukweli. Nimempenda kwa hilo. Aliyoyasema sikuyapenda.

Masika iliyopita watu walitambaa ndani ya kalavati yetu, wakaingia kituoni, wakakata nyaya za shaba zilizofukiwa ardhini. Transfoma moja ikaungua. Mji mzima wa Same ukalala gizani na wanawake wakazalishwa kwa mwanga wa simu. Hayo tunayajua. Ni nani waliofanya, hatujui. Hapa kitu kikipotea watu husema ni vibarua wa mashamba ya mkonge, waliotoka mbali. Ni rahisi kusema hivyo. Huenda ni watoto wetu.

Sasa uzio mpya, kamera, vihisi vya kushtuka mtu akigusa waya. Na kalavati itajazwa zege kabla ya vuli.

Kisha Nakijwa, jirani yangu mjane, akanyoosha mkono. "Mhandisi, hiyo kamera inaona hadi kwangu?"

"Haioni, mama. Inaangalia uzio tu."

"Basi igeuze kidogo, kuna mtu ananiibia mapapai."

Watu wakacheka. Mbonea hakucheka. Mbonea ni mwenyekiti wa mfereji, na ni kaka wa marehemu mke wangu. Alisimama akauliza, maji yakifungwa tule nini, hiyo shaba? Mhandisi akasema suala la fidia litaangaliwa. Neno hilo nalijua. Nililisikia nikiwa na meno yote.

Wamenichagua kuwa mwakilishi wa kitongoji kwenye kamati ya ulinzi na ujirani. Kwa kuwa nimesoma, wamesema, na najua pande zote mbili. Sikuwa na nguvu ya kukataa.

Jumapili, 8 Septemba

Kanisani. Mchungaji kahubiri juu ya Isaka na visima vyake vilivyofukiwa na Wafilisti. Kila mtu akaelewa, hakuna aliyemtazama mwenzake.

Mwanangu Amani kapiga simu kutoka Kibaha. Kasikia. "Baba, maji yakifungwa utakaa na nani hapo? Chumba kipo. Nitakuja na gari." Chumba kipo, najua. Kina dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Ni mtoto mwema. Nimemwambia tungoje.

Niliwahi kuhamishwa nikiwa na miguu. Sasa sina hata hasira ya kunisaidia kubeba.

Jumatano, 11 Septemba

Mhandisi Koku alikuja nyumbani. Shikamoo yake ni ya watu waliolelewa. Alisimama mbele ya rafu muda mrefu, akauliza kama anaweza kuazima kitabu cha historia ya reli. Nimempa. Mtu anayeazima kitabu hawezi kuwa adui moja kwa moja.

Tulizungumza kwa chai. Alipelekwa nje kusomea namna ya kulinda mitambo ya nyuklia. Sisi hatuna mtambo huo, nikamwambia. Akasema urani ipo kusini, siku moja mtambo utajengwa, na siku hiyo haitakuwa siku ya kuanza kujifunza. Afadhali makosa yafanyike kwenye kituo kama hiki. Anaeleza vizuri. Kwanza kugundua mtu kaja. Pili kumchelewesha. Tatu walinzi wafike kabla hajamaliza alichojia. Uzio haumzuii mtu, unamchosha tu. Nikasema basi mimi nimezungushiwa uzio tangu ujana. Alicheka, kisha akaona sikuwa natania sana.

Nikamuuliza kwa nini asiweke wavu wa nondo kwenye kalavati badala ya zege. Alikwisha kufikiria. Wavu hukatwa. Wavu hunasa majani na takataka, na wa kuyatoa ni lazima aingie ndani ya uzio kila mara, na kila anayeingia ni mlango mwingine. Zege halihitaji mtu.

Ana hoja.

Alipoondoka akasisitiza jambo moja. Vihisi vitawashwa wiki ijayo. Mkusanyiko wowote karibu na uzio, walinzi wapewe taarifa siku moja kabla. Wowote, Mzee. Hata wa harusi.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimempelekea Mbonea ujumbe huo kwa miguu yangu. Alikuwa anabandua maganda ya maharage. Nikamweleza mara mbili: msaragambo wowote, taarifa kituoni siku moja kabla.

Msaragambo ndio kazi yetu ya pamoja. Kabla ya vuli kila nyumba hutoa mtu, jembe na panga, tukausafishe mfereji kuanzia kwenye kalavati kwenda chini. Nilipokuwa Tanga ndio niliokuwa nauota kuliko watu.

"Shemeji, watataarifiwa," akasema Mbonea. "Lini msaragambo ulifanyika bila jirani kutaarifiwa? Wewe ndiye uliyetoka, sisi tulikuwepo."

Hunichoma hivyo kila baada ya muda. Ana haki, na inachosha.

Jumanne, 17 Septemba

Vihisi vimewashwa. King'ora kimelia mara kadhaa leo. Mbuzi. Mfuko wa plastiki. Mbuzi yuleyule.

Mlinzi Hamisi, aliyekuja kutoka Mtwara kufanya kazi kwenye mkonge na sasa analinda kituo, ananiambia wakubwa wake wamekasirika na wameamriwa watoke mbio kila king'ora kinapolia. Macho yake mekundu. Halali vizuri. "Mzee, mashine inaona kila kitu, sisi ndio hatujui inaona nini."

Ijumaa, 20 Septemba

Jua lilipokuwa linashuka Mbonea kapiga pembe. Ni pembe ya tandala, ya babu yake. Mlio wake ni mzito, kama ng'ombe anayeita kutoka ndani ya shimo. Mwili wangu ulisimama wenyewe. Alipiga kuelekea nyumba zetu. Halafu nikamwona amepanda kwenye mwamba, akageuka na kupiga tena, mara tatu, kuelekea mlimani. Sikujua ile ya pili ni ya nini. Labda anawaaga watu wa ndiva.

Nimenoa jembe. Goti halitaniruhusu kuchimba, lakini nitasimama.

Jumamosi, 21 Septemba

Niandike kwa mpangilio.

Alfajiri tulikutana kwenye kalavati. Bado giza kidogo. Kila mtu na jembe au panga, wanawake na mabeseni. Watu wanataniana, nani kanenepa, nani kaoa tena. Mbonea akatoa sala fupi. Tukaanza kufyeka majani kando ya uzio.

King'ora. Si kile cha mbuzi, kingine, kirefu. Taa zote zikatuelekea, hatukuona kitu. Sauti ya kipaza ikatuamuru tulale chini na tutupe silaha. Silaha! Watu walisimama na majembe yao, wakitafuta silaha ni ipi. Mlinzi mmoja akapiga risasi hewani. Hapo watu wakakimbia. Nakijwa akaanguka ndani ya mfereji mkavu na mimi nikasikia mfupa. Nilikuwa karibu kiasi hicho.

Nilipiga kelele kwamba mimi ni mjumbe wa kamati. Mzee amesimama gizani na jembe, anapiga kelele kwamba ni mjumbe wa kamati.

Polisi walikuja na magari mawili. Wamemchukua Mbonea na wanaume waliokuwa naye mbele. Mimi waliniacha. Kwa umri, nadhani. Nimeona aibu kuachwa.

Nakijwa kapelekwa hospitali Same kwa bodaboda, kakaa katikati, mkono kafungiwa kanga. Alinitazama bila kusema utani wowote.

Jumapili, 22 Septemba

Sikwenda kanisani. Nimekwenda Same. Mkono wa Nakijwa umevunjika kwenye kifundo, wameufunga plasta. Kisha kituo cha polisi. Mbonea nimeruhusiwa kumwona muda mfupi.

Nikamuuliza, shemeji, nilikwambia utoe taarifa. Akanikazia macho kana kwamba ndiye aliyenilea. "Nilitoa. Ulikuwa umekaa pale barazani kwako, ulisikia."

Ile pembe ya pili. Pembe ya kwanza ni ya wenye mfereji. Ya pili, mara tatu, ni ya jirani asiye na zamu ya maji: kesho tunapita kwako na zana, usishtuke. Ndivyo walivyofanya wazee wake na wazee wangu. Hakuipiga kuelekea mlimani. Aliipiga kuelekea kituoni.

Alipewa agizo la kutoa taarifa siku moja kabla. Alitoa, kwa sauti kubwa kuliko zote aliyo nayo. Na mimi, niliyewekwa kati kwa sababu najua pande mbili, sikuijua. Niliondoka kabla sijafundishwa.

Nimerudi na basi la jioni. Sijala.

Jumatatu, 23 Septemba

Amri imekuja. Kalavati isisubiri vuli. Zege litamwagwa mara tu baada ya kikao cha wilaya. Kuna mtu kasema redioni kwamba kundi lenye silaha za jadi limezuiwa kuvamia kituo. Nakijwa ni kundi lenye silaha za jadi.

Amani kapiga simu tena. Hakubembeleza. Alisema tarehe kumi na mbili anakuja na gari, nianze kufunga vitu. Nikasema sawa. Nilishangaa jinsi lilivyotoka kirahisi.

Jumatano, 25 Septemba

Kikao Same. Watu wa wilaya, polisi, wakubwa wa kituo, Mhandisi Koku, kamati. Mbonea na wenzake wametolewa, lakini wakakalishwa benchi la nyuma kama watoto watoro.

Mkubwa mmoja alieleza kwamba mfumo mpya umefanya kazi kama ulivyotakiwa. Picha zikaonyeshwa ukutani. Tulionekana. Vivuli vyeupe vyenye zana mikononi, vimeinama. Nilijitambua kwa goti. Kwa kweli tulitisha. Ningekuwa mlinzi, mgeni, macho mekundu, ningeogopa.

Kisha nikaomba kusema. Nilieleza pembe ya pili. Sauti yangu haikuwa nzuri. Mwenyekiti wa kikao akauliza kama kuna mlinzi aliyesikia kitu chochote Ijumaa jioni. Hamisi akasimama kule mlangoni.

"Tuliisikia, mheshimiwa. Mara tatu. Tulidhani ni tembo ametoka mbugani."

"Mkafanya nini?"

"Tulifuata utaratibu wa tembo. Tukawasha taa za upande wa mbuga, tukajifungia ndani."

Kuna mtu alianza kucheka mbele kabisa, akajizuia, kisha kikao kizima kikashindwa. Mbonea peke yake hakucheka. Akasema kutoka benchi la nyuma, "Tembo gani anayepiga mara tatu akanyamaza?" Ikawa mbaya zaidi. Nilicheka hadi nikafuta machozi, na sijui yote yalikuwa ya kicheko.

Koku alingoja watulie. Hakucheka sana. Akasema mashine ziliona watu, na ziliona vizuri. Kilichoshindwa ni mpango, na mpango ni wake. Uliandika jinsi ya kumtambua anayekuja kwa siri, haukuandika chochote kuhusu anayekuja kwa pembe. Kwenye mafunzo yake, kosa la namna hiyo likitokea, kazi husimamishwa hadi mpango upitiwe upya. Akaomba zege lisimamishwe kwa wiki chache. Mkubwa wake alikuwa anamtazama kwa jicho ambalo mimi nalijua kutoka kiwandani, jicho la mtu anayehesabu gharama ya mwenzake kusema kweli hadharani.

Wamempa hadi tarehe kumi na moja.

Jumanne, 1 Oktoba

Hakuna kitu. Joto. Zamu yetu ya maji ilifika, ikapita. Mfereji haukusafishwa, nusu imepotelea kwenye magugu. Maharage ya Nakijwa yamejikunja. Ananyunyizia kwa kopo, mkono mmoja.

Nimefunga maboksi mawili ya vitabu.

Jumapili, 6 Oktoba

Maboksi manne. Kila kitabu nakifungua kwanza, ndiyo maana kazi haiishi. Kwenye kimoja nimekuta jani la mgomba alilotia mke wangu kuwa alama. Alifia ukurasa huo, kwa maana ya kusoma.

Mbonea alipita, akaona maboksi. Alikaa kidogo. Akasema wavu ukikubaliwa, itabidi mtu aingie kutoa majani. Nikasema ndiyo. Akasema yeye hataingia humo akiwa na kitambulisho shingoni kama mbuzi wa mnada. Nikasema hakuna aliyemwomba. Akasema vizuri. Tukaendelea kukaa.

Ijumaa, 11 Oktoba

Koku alikuja mwenyewe, gari limejaa vumbi. Nilijua kabla hajashuka, alikuwa amekibeba kitabu changu cha reli mkononi. Mwenye habari mbaya angekituma tu.

Zege limefutwa. Badala yake nyavu mbili za nondo, moja kila mwisho wa kalavati, na kihisi kati yake kitakachowajulisha walinzi mtu akigusa chuma. Taarifa za msaragambo zitapita njia mbili, simu na pembe, na walinzi watafundishwa pembe. Hamisi kajitolea kuwa wa kwanza. Wale waliokamatwa, shauri limefungwa.

Masharti yapo. Maji yatapungua kasi, kwa hiyo viwanja vya mwisho kabisa huko chini havitafikiwa. Familia mbili. Nazijua. Na wa kutoa majani ndani awe mtu mmoja, wa hapahapa, asiye na kesi, anayejulikana kwa kamati, aingie kila Jumapili alasiri na baada ya kila mvua, akisindikizwa. Bila mtu huyo wakubwa hawasaini.

Kisha akatazama maboksi.

"Mzee, unahama?"

Nikasema mwanangu anakuja kesho.

Hakunibembeleza. Alisema tu kwamba jina linatakiwa leo kabla ya ofisi kufungwa. Mbonea alikuwa mlangoni, kaegemea, anatazama miguu yake. Nyuma yake Nakijwa na plasta yake. "Usiniangalie mimi," akamwambia Koku, "kwa mkono huu mimi na wavu tutabaki humo wote."

Nimechoka. Ninataka iandikwe hivyo. Sikusema ndiyo kwa ujasiri wala kwa kuipenda ardhi. Niliona tu kwamba kwenda Kibaha kunahitaji nguvu nyingi kuliko kutoa majani.

Nikasema andika jina langu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Amani alifika na gari la kukodi la mizigo, tupu. Nilimweleza. Alikaa kwenye boksi la vitabu akashika kichwa. "Baba, kwa hiyo umepata kazi?" Mbonea akasema huko nje, kwa sauti, "Amepata, na wewe umepata gari la kubeba maharage." Kijana wangu akacheka bila kupenda. Kaondoka na magunia mawili ya Mbonea hadi Same. Alinikumbatia kwa muda mrefu kuliko kawaida. Hakukasirika, aliogopa. Bora angekasirika.

Jumanne, 22 Oktoba

Kituoni, ofisi ya getini. Kuchukua alama za vidole. Mashine haikuzikubali. Kidole gumba, cha shahada, vyote. Yule fundi akafuta kioo, akapaka spiriti, akaniambia nibonyeze. Hakuna. Akasema vidole vya wazee wengi ni hivyo, vimesuguliwa na kazi. Vyangu vimesuguliwa na karatasi, lakini sikumwambia.

Mwishowe wamechukua sura. Nimekaa mbele ya kamera, ikanitazama, ikaandika kwamba imenitambua. Nilizaliwa hatua chache kutoka kwenye kile kiti.

Ijumaa, 1 Novemba

Mvua ya kwanza mlimani. Huku chini harufu tu.

Mkono wa Nakijwa umetolewa plasta. Haunyooki vizuri. Anasema sasa unafaa kutundikia debe. Mwenye familia mojawapo ya kule mwisho ameanza kung'oa mabati ya nyumba yake. Anahamia kwa mkwewe kule Myamba, juu mlimani, kwenye maji. Nilipita nikamsalimia. Aliitikia vizuri. Hakuniangalia.

Jumapili, 3 Novemba

Imenyesha usiku kucha. Alasiri nimekwenda.

Geti lilinitambua. Hamisi alinisindikiza na reki yake mwenyewe, akanipa. Chini ni kokoto tupu, mashine zinanguruma polepole, kama kuna watu wengi wanasali chumba cha pili. Nilidhani sitatambua chochote. Hakuna mti, hakuna jiwe la nyumba. Ila mfereji haukunyooshwa. Unakuja kutoka kwenye wavu, halafu unapinda kushoto bila sababu, unarudi kulia.

Sababu ilikuwa jiko la mama. Baba aliuzungusha ili maji yasiingie majivuni.

Nimetoa majani. Mengi ya mgomba, na kandambili moja ya mtoto, ya huko juu. Hamisi akauliza kwa nini mfereji umepinda pale. Nikamwambia. Alisimama pale kwenye kona, akasogea pembeni kidogo, kama mtu aliyekanyaga mkeka wa watu kwa viatu.

Hatukukaa. Utaratibu ni kutoka ukimaliza.

Nimerudi polepole kwa njia ya juu, ndefu lakini isiyo na mteremko mkali, kwa sababu ya goti. Nimefungua boksi moja la vitabu, lile la juu. Mengine yasubiri.

Nilipofika nyumbani maji yalikuwa yametangulia.